Hereni zimeuzwa, mtaji hauonekani

*"Sisi ni akina mama tisa wa Igoma, Mwanza. Tangu Januari tunatengeneza hereni za kitenge na bangili za shanga ili kusaidia familia zinazotoka Ukerewe na visiwa vya jirani kuleta watoto hospitalini mjini: nauli ya meli, chakula, sabuni. Tulichanga 20,000 kila mmoja, ikawa 180,000. Kwenye hereni tulitumia 120,000 tukapata jozi 150, kwenye bangili 60,000 tukapata 40. Jozi moja ya hereni inachukua kama nusu saa, bangili karibu saa mbili. Tumeuza jozi 96 za hereni kwa 2,000 kila moja na bangili 22 kwa 3,000, wanunuzi wengi ni wa kanisani na maofisini. Nauli, vocha na vifuko vimekula 18,000. Iliyobaki yote, 240,000, tumewapa wale wazazi. Sasa hatuna hata hela ya shanga, wenzetu wameanza kuulizana pesa imekwenda wapi, na wateja watatu wanasema hereni zinawawasha masikio. Tupandishe bei? Tusajili NGO? Au tuachane na hereni tupitishe kapu tu?"*

Mama zangu, nianze na lile la kuulizana, maana likikaa bila jibu kikundi kitavunjika kabla shanga hazijaisha. Katika hesabu mliyoandika hakuna shilingi iliyopotea. Hereni 96 kwa 2,000 ni 192,000. Bangili 22 kwa 3,000 ni 66,000. Jumla 258,000, toa 18,000 za matumizi, inabaki 240,000, na ndiyo mliyoitoa. Mhazini wenu yuko safi. Kilichotokea ni kwamba mmetoa msaada kwenye mauzo, wakati msaada hutolewa kwenye faida.

Tazameni. Jozi moja ya hereni iliwagharimu vifaa vya 800, yaani 120,000 kugawa kwa 150. Bangili moja 1,500. Kwa hiyo vile mlivyouza vilikuwa na vifaa vya 76,800 upande wa hereni na 33,000 upande wa bangili, jumla 109,800. Ukitoa hiyo pamoja na zile 18,000 kwenye mauzo, faida yenu halisi ni 130,200. Mlitoa 240,000. Tofauti, 109,800, ilikuwa michango yenu wenyewe iliyotoka mfukoni mwenu, ikapita kwenye hereni, ikaenda kwa familia. Na ile 70,200 inayobaki kutimiza 180,000 ipo: imelala ndani ya jozi 54 na bangili 18 ambazo hazijauzwa. Andikeni hesabu hii ubaoni kwenye kikao kijacho, kila mtu aione. Maneno yataisha siku hiyohiyo.

Kapu lisidharauliwe. Kama mngezitoa zile 180,000 siku ya kwanza bila kutengeneza kitu, familia zingepata 180,000. Baada ya miezi yote hii ya kukata na kubandika, msaada ambao kazi yenu ingeweza kutoa bila kugusa mtaji ni 130,200. Kwa mzunguko wa kwanza, bila kula mtaji, kapu limeshinda. Hereni zinaanza kulizidi pale tu mtaji uleule unaporudi na kuzunguka mara ya pili na ya tatu, na pale wanaponunua watu ambao msingewapitishia kapu kamwe: abiria, mgeni, binti wa chuo. Kama wanunuzi wenu wataendelea kuwa waumini walewale wa jumuiya yenu, ushauri wangu ni pitisheni kapu, mwokoe vidole na macho. Kama mnaweza kuwafikia wengine, endeleeni kusoma.

Kabla ya bei, tuangalie muda, maana hapo ndipo mnapoibiwa bila kujua. Hereni inaacha 1,200 juu ya vifaa, na kwa saa moja mama mmoja anatoa jozi mbili, yaani 2,400. Bangili inaacha 1,500 kwa saa mbili, yaani 750 kwa saa. Bangili inaonekana ya maana kwa sababu inauzwa 3,000, kumbe ndiyo inayokula jioni zenu. Mtasema mnajitolea, hamlipani. Sawa, lakini saa za mtu anayejitolea nazo huisha. Mama akichoka haji, na asipokuja hakuna cha kuuza. Bangili ya shanga ndogondogo iliyoshonwa kwa mkono iuzwe 5,000 au iachwe. Mkitaka kitu cha mkononi cha bei ya chini, tengenezeni cha lastiki na shanga kubwa, kinachukua dakika kumi.

Sasa bei ya hereni. Vifaa ni 800. Tuongeze 150 kwa ajili ya ndoano bora zaidi za kupita sikioni, nitaeleza kwa nini. Zile 18,000 mlizotumia kwenye nauli na vifuko, mkizigawa kwa vitu 118 mlivyouza, ni kama 150 kwa kila kimoja. Halafu kuna hasara ambayo wengi hawaiandiki: katika jozi 20, moja au mbili zitaharibika, zitapotea pacha au zitachafuka mezani. Wekeni 100. Jumla 1,200. Mkiuza wenyewe kwa 3,000, mnabakiwa na 1,800. Lakini siku moja mwenye duka atawaambia leteni kwangu, na kwa kawaida atataka theluthi. Atawapa 2,000, auze 3,000. Mtabakiwa na 800 tu.

Hiyo 800 ishikeni vizuri, maana ndiyo inayoamua mnachoweza kuahidi. Acheni kabisa kusema "mapato yote yanakwenda kwa watoto". Si kweli, na haiwezi kuwa kweli kwa mtu anayenunua vifaa. Acheni pia "sehemu ya mapato", kwa sababu sehemu inaweza kuwa shilingi kumi na mteja mwerevu anajua hivyo. Andikeni kiasi kwenye kadi ya hereni: *Shilingi 700 za jozi hii zinalipia nauli na chakula cha mzazi aliyeleta mtoto hospitali.* Kwa nini 700 na si 1,000? Kwa sababu ahadi lazima ibaki kweli hata kwenye mauzo yenu mabaya kuliko yote. Mkiahidi 1,000 halafu mkauza kupitia duka, kila jozi inawatia hasara ya 200, na mtarudi palepale mlipo leo. Mwisho wa miezi mitatu mkikuta kuna ziada, ongezeni msaada. Hakuna aliyewahi kulalamika kwamba ahadi imezidi.

Je, 3,000 italipwa? Msiwaulize marafiki, watawajibu kwa upendo. Chukueni jozi kumi, nendeni pale ambapo hakuna anayewajua, Makoroboi au karibu na kivuko cha Kamanga, muuze bila kutaja msaada hata kidogo. Zikitoka sita au saba kwa siku moja, hereni yenu inajitegemea na msaada utakuwa nyongeza. Zikitoka mbili, kasoro iko kwenye hereni, na kadi ya huruma haitaiponya. Huruma humfanya mtu anunue mara moja. Mara ya pili ananunua kwa sababu shemeji yake alimsifia.

Nije kwenye masikio, na hili msilichukulie kama malalamiko madogo. Ndoano nyingi za bei rahisi ni chuma cha kawaida au shaba ya njano iliyopakwa nikeli ili ing'ae. Jasho lina chumvi, nalo huyeyusha nikeli kidogokidogo, ikaingia kwenye ngozi ya tundu la sikio. Kwa baadhi ya watu mwili huitambua kama adui. Mara ya kwanza hakuna dalili. Baadaye, kila ikigusa, baada ya siku moja au mbili sikio linawasha, linakuwa jekundu, linatoa majimaji. Na mwili ukishaitambua nikeli, hausahau: mtu huyo atawashwa na hereni, kifungo cha suruali ya jinzi, hata mkanda wa saa vyenye nikeli, kwa maisha yake yote. Kwa hiyo si "uchafu wa mteja" wala "mtu mwenye damu chungu", kama wauzaji wengine wanavyopenda kusema.

Kuna anayewashauri watu wapake ndoano rangi ya kucha isiyo na rangi. Inasaidia siku chache, kisha inabanduka palepale inapogusana na sikio. Wengine hupima kwa sumaku. Sumaku ikivuta ndoano kwa nguvu, hiyo ni chuma kilichopakwa, na kwa unyevu wa ziwa letu itashika kutu, itupeni. Lakini isipovutwa msishangilie, kwa sababu shaba iliyopakwa nikeli nayo inaweza isivutwe. Njia ya uhakika ni kununua ndoano za chuma cha pua kisichoshika kutu kwa muuzaji anayeweza kusema ni cha aina gani. Namba 316 ndiyo mnayoitafuta. Chuma hicho kina nikeli ndani yake, ila imeshikwa imara, inayotoka ni kidogo sana. Titani ni bora zaidi, madini halisi ya fedha yenye alama ya 925 pia yanafaa, ila bei yake itawatoa kwenye 3,000. Wale wateja watatu wabadilishieni ndoano bure leo hii, na kama kuna ambaye sikio limevimba, lina usaha au ana homa, asipake mafuta ya kienyeji, aende kituo cha afya.

Kwa kuwa mko kwenye plaizi tayari, mambo machache ya ufundi. Kitenge kipya kina wanga. Msipokifua kwanza, gundi itashika wanga badala ya uzi, na baada ya mwezi ukingo utainuka. Ndani ya hereni msitumie kadibodi; masika ikifika inanyonya unyevu na kujikunja kama chipsi. Mfuniko wa ndoo ya plastiki uliokatwa vizuri, kibuyu, au ubao mwembamba wa milimita tatu utakaa. Plastiki ipigeni msasa kwanza, iwe na mikwaruzo, na bado mjaribu kipande kimoja, maana gundi nyeupe hushika plastiki kwa shida. Gundi hiyo ya maseremala ipakwe nyembamba. Ile ya viatu hupenya na kuacha doa la manjano upande wa mbele. Baada ya kubandika, pakeni juu tabaka la gundi iliyozimuliwa, sehemu mbili za gundi kwa moja ya maji, mwache usiku kucha. Tundu litobolewe milimita tatu kutoka ukingoni, likikaribia zaidi litachanika. Vipete vya kuungia vifunguliwe kwa kupindwa, ncha moja mbele na nyingine nyuma. Mkivivuta pande mbili kama mdomo, havirudi kwenye duara lake na hereni itadondoka kwenye daladala. Kwa bangili za lastiki, ivuteni mara kadhaa kabla ya kutunga, la sivyo italegea ikishavaliwa. Msidondoshee gundi ya dakika moja kwenye fundo. Inaikausha lastiki ikakatika. Na shanga ndogo msiwauzie wenye watoto wa chini ya miaka mitatu, zinakaba koo.

Nina wasiwasi pia kwamba mnanunua kitenge kingi mno. Yadi moja ni sentimita 91 kwa upana wa kama 115. Ukikata miraba ya sentimita 7, unapata 13 kwa 16, yaani 208. Jozi moja, mbele na nyuma, inahitaji minne. Yadi moja inatosha jozi 52! Mkinunua pande zima la yadi sita kwa sababu ua ni zuri, mmelaza mtaji wa jozi zaidi ya 300 za rangi moja, na hakuna Mwanza wala Bukoba watakaotaka hereni 300 zinazofanana. Mafundi cherehani wana magunia ya vipande wanavyotupa. Nendeni na mfuko na adabu, mtarudi na rangi ishirini.

Kuhusu pa kuuzia nitasema kwa ufupi. Kanisani na ofisini mmeshavuna. Tafuteni siku ambazo watu wanakuja na hela ya kutumia: maonyesho ya Nane Nane, mahafali ya vyuo, na Bulabo, tamasha la ngoma za Wasukuma, pale Bujora, Kisesa, karibu na sikukuu ya Ekaristi, ambako hereni yenye rangi za shanga za Kisukuma au umbo la samaki sato ina maana kuliko duara la kawaida. Mali kauli, yaani kumwachia mtu mali akulipe akishauza, muiogope. Mkimwachia mwenye duka, mwachieni jozi kumi tu, asaini idadi, mrudi baada ya wiki mbili mhesabu, mchukue pesa za zilizouzwa kabla ya kuongeza nyingine. Na wale wa ofisini wa "nitalipa mwisho wa mwezi" waandikwe daftarini kwa jina, tarehe na kiasi, maana deni la hereni linasahaulika haraka kuliko la sukari.

Pesa zitenganisheni siku ileile inapoingia. Kwa kila jozi, 1,200 irudi kwenye mtaji na matumizi, 700 iwe ya msaada, inayobaki iwe akiba isiyoguswa mpaka mwisho wa robo mwaka. Msizikusanye kwenye laini ya simu ya mama mmoja. Laini imesajiliwa kwa kidole chake na kitambulisho chake. Akiugua, akisafiri au simu ikianguka majini, pesa ya kikundi imefungwa naye, na hata akiwa mwaminifu kama malaika watu watamsengenya. Fungueni akaunti ya kikundi yenye watia saini watatu, pesa itoke kwa saini za wawili. Kila mwezi watu wawili ambao si mhazini wahesabu bidhaa na daftari, kisha taarifa fupi iende kwenye kundi la WhatsApp: *Mei: jozi 62, msaada 43,400, familia nne, nauli na chakula.* Hayo yanatosha kabisa.

Majina ya familia yasitajwe, na picha za watoto waliolazwa zisipigwe. Mama aliyekaa wodini na mtoto mgonjwa atakubali lolote mbele ya mtu mwenye msaada mkononi; kukubali kwa namna hiyo si ridhaa. Na msiandike jina la hospitali kwenye kadi bila barua yao. Nendeni kwenye ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali husika mkajitambulishe. Wao wanajua nani kweli amekwama na nani anapita wodi kwa wodi na hadithi. Bugando peke yake hupokea wagonjwa wa rufaa wa Kanda ya Ziwa nzima, hamtaweza kuchuja wenyewe getini. Inapowezekana lipieni kitu badala ya kutoa fedha mkononi: tiketi ya meli ya Nansio, Ukerewe, chakula cha wiki kwa mama ntilie, mkibaki na risiti.

NGO msikimbilie. Shirika lisilo la kiserikali chini ya sheria ya mwaka 2002 lina taarifa za kila mwaka, hesabu na ada, mzigo mkubwa kwa kikundi chenye mtaji wa 180,000. Kinachowafaa sasa ni kusajiliwa kama kikundi cha kijamii katika halmashauri yenu. Anzeni kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata. Mwendeeni na katiba fupi, orodha ya wanachama, muhtasari wa kikao mlichochagua viongozi, na utambulisho wa ofisi ya mtaa. Benki nayo itataka karatasi hizohizo. Mtasikia pale kuhusu mikopo isiyo na riba inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambamo asilimia 4 ni za wanawake. Ni mikopo mizuri kwa biashara inayolipa wanachama wake, lakini msikope ili mtoe sadaka. Deni litadai hata mwezi ambao hereni hazikutoka.

Kodi nayo: neno "msaada" kwenye kadi haliwaondolei wajibu wowote. Mauzo yenu ni madogo, lakini nendeni TRA, mamlaka ya mapato, mkiwa na daftari muulize kikundi cha namna yenu kinaandikishwaje, kabla hamjaanza kupeleka madukani. Kuuliza ni bure. Mkitaka mtu wa kuwakagulia bei na ubora wa kazi ana kwa ana, ofisi ya mkoa ya SIDO, shirika linalohudumia viwanda vidogo, ipo. Pelekeni hereni kumi mbovu na kumi nzuri, msipeleke nzuri tupu.

Sasa zile jozi 54 na bangili 18 zilizolala kabatini. Ng'oeni ndoano zote, wekeni mpya, muuze hereni 3,000 na bangili 5,000. Zikitoka zote ni 162,000 na 90,000, jumla 252,000. Ya kwanza kutoka humo ni 180,000, inarudi kwenye mtaji, na hapo ombi lolote likija, hata la kutoa machozi, jibu ni kwamba hiyo si pesa ya msaada. Zinabaki 72,000. Msaada mlioahidi kwenye hereni 54 ni 37,800. Zile 34,200 za mwisho zilipie ndoano mpya, nauli, na kubadilishia bure mteja yeyote atakayerudi na sikio linalowasha.